Kinga ya Moyo Imo Chunguni

(Matini ya darsa iliyotolewa mjini Mpanda baada ya swala ya Alasiri)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu. Mada ya leo ni chakula na maradhi ya moyo, shinikizo la damu na kisukari. Imetulazimu kuizungumza kwa sababu makopo ya vidonge na unga wa "antioksidanti" yanauzwa kwa bei kubwa, na wapo wanaoambiwa kuwa wakiyatumia hawatahitaji tena dawa za hospitali. Jambo hili linagusa uhai na mali. Vyote viwili ni amana, basi halifai kunyamaziwa.

ANTIOKSIDANTI NI NINI?

Mwili unapotumia oksijeni kuunguza chakula, huzaa chembe kali zinazoharibu seli, mfano wa hewa inavyokitia chuma kutu. Moshi wa sigara na sukari iliyozidi katika damu huziongeza chembe hizo. Lehemu iliyojipenyeza katika kuta za mishipa ikishapatwa na "kutu" hiyo, askari wa mwili huivamia na kuimeza, na hapo huanza kile kinachoitwa mchochota. Mchochota wa jeraha hupoa jeraha likipona. Huu wa mishipani huendelea kimya kwa miaka, ukaifanya njia ya damu kuwa nyembamba. Mchochota wa muda mrefu huidhoofisha pia kazi ya insulini, na huo ni mlango wa kisukari. Antioksidanti ni viini vinavyozizima chembe hizo. Vimo katika mboga za majani, matunda, kunde, karanga na nafaka zisizokobolewa.

USHAHIDI WA NYUMBANI

Ushahidi wa jambo hili upo hapa hapa nchini, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2021 jarida la Nature Immunology lilichapisha utafiti uliohusu Watanzania 323 wenye afya. Damu ya wakazi wa mjini ilionesha dalili zaidi za mchochota kuliko ya watu wa vijijini, na sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na chakula.

Mwaka 2025 wataalamu wa KCMC ya Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walitoa matokeo mengine katika Nature Medicine. Waliwachukua wanaume vijana 77. Waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha Kizungu kwa wiki mbili, na waliozoea cha Kizungu wakapewa cha asili. Kundi la kwanza lilipanda mchochota, na kinga yao dhidi ya vijidudu ikapungua nguvu. Kundi la pili mchochota ulishuka. Baadhi ya athari zilikuwa bado zipo wiki nne baadaye. Waliopimwa walikuwa vijana wazima, na kilichopimwa ni damu yao, si idadi ya waliopatwa na kiharusi. Hata hivyo, wiki mbili tu za sahani zilitosha kuibadili damu.

SUALA LA MBEGE

Kundi la tatu katika utafiti huo lilikunywa mbege kwa wiki moja, nalo likaonesha kupungua kwa mchochota. Msishangae mkisikia hoja hii ikitumiwa. Qur'an Tukufu (2:219) haikukanusha kuwepo kwa manufaa katika ulevi. Imeyaweka kwenye mizani, na uzito ukaonekana upande wa madhara. Tena utafiti wenyewe umetutosheleza, kwani waliokula chakula cha asili walipata nafuu kwa chakula. Muislamu hana dharura ya mbege.

VIPI KUHUSU VIDONGE?

Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Finland kwa wavutaji sigara 29,133. Waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Mwaka 2000 jaribio la HOPE, lililohusu wagonjwa zaidi ya 9,000, lilionesha kuwa vidonge vya vitamini E havikuzuia shambulio la moyo. Mboga huja na nyuzinyuzi, madini na viini vingi vinavyosaidiana. Kidonge hutenga kimoja na kukizidisha kipimo.

TUFANYE NINI HAPA KATAVI?

Kwanza, tusizidharau mboga zetu kwa kuziita chakula cha wanyonge. Mlenda, matembele, kisamvu, majani ya maboga, uyoga wa masika, njugumawe na karanga vipo sokoni Mpanda, na samaki wa Ziwa Tanganyika hutufikia kupitia Karema.

Pili, mahindi yetu tuyasage dona. Kukoboa ni kuyatupa makapi na kiini, ambamo mna sehemu kubwa ya viini hivyo.

Tatu, mawese mekundu yana karotini nyingi, lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito. Yatumike kwa kiasi. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi hadi yakawa meusi yaachwe.

Nne, tupunguze sukari katika chai na soda katika walima zetu. Mwenye kualika watu anawajibika kwa anachowawekea mbele yao.

Tano, mwenye dawa za shinikizo la damu au kisukari asiziache kwa ajili ya kopo wala kwa ajili ya mlenda. Chakula na dawa ni ndugu wawili. Mmoja hamfukuzi mwenzake. Na anayemshawishi mgonjwa aache dawa ili yeye auze bidhaa ajue kuwa ataulizwa juu ya nafsi hiyo.

Tumuombe Allah (s.w.) atujaalie afya itakayotusaidia katika kumuabudu. Wabillahi tawfiq.