Kibao cha Duka kama Hati ya Lugha

Mtafiti wa Kiswahili afikapo Mgori, mkoani Singida, hutega sikio kwanza: Kiswahili kinasemwaje kando ya Kinyaturu? Ni nadra kunakili vibao vya maduka, ilhali navyo ni hati. Katika vituo vya biashara vya Tanzania, neno HOTELI lililochorwa kwa mkono juu ya mlango aghalabu humwahidi msafiri chai na wali, si kitanda. Kitanda hutafutwa penye kibao cha GESTI au NYUMBA YA KULALA WAGENI. Vivyo hivyo, DUKA LA DAWA BARIDI liliuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Mwaka 2003 mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza mkoani Ruvuma, ukaenea nchini, na istilahi ya awali ikaachwa katika lugha rasmi. Siku hizi mabango ya kuchapwa kwa mashine yanaipokonya brashi kazi yake, na ubao mkuukuu huishia jikoni. Kamusi yaweza kulihifadhi neno. Bali mahali lilipoandikwa, tahajia yake na biashara liliyoitambulisha hubaki kibaoni tu. Vinakiliwe kabla havijawa majivu.