Maneno ya Wanafunzi Watatu wa Uhandisi

(Yalisomwa kwa pamoja mbele ya kamati za parokia na wafadhili)



Sisi ni watoto wenu watatu mnaotuchangia vifaa vya masomo. Wawili tunasoma uhandisi ujenzi na mmoja uhandisi mitambo, mwaka wa kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Masomo ya uhandisi yalianza pale Mlimani mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani, na baadaye kitivo kile kilifanywa kuwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia.

Mwenyekiti ametuomba tueleze tunachosoma. Tukiri mapema kwamba hatujajenga chochote. Muhula wa kwanza ulikuwa wa hesabu, mekanika, michoro ya kihandisi, kompyuta, na karakana, ambako tulipiga tupa kipande cha chuma mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jaribio la kwanza la hesabu, wawili wetu walifeli. Tukaanza kusoma pamoja kila usiku, na la pili tulifaulu wote. Tunawaambia haya kwa sababu fedha ni zenu.

Jambo lililotugusa zaidi ni kupima. Mhadhiri wetu hukata alama kwa jibu lisilotaja kizio. Lita ngapi? Kwa muda gani? Hapo tukakumbuka mradi wetu wa maji ya mserereko. Siku ya uzinduzi bomba lilitoa maji, tukapiga vigelegele. Ilipofika Oktoba likakauka. Wapo waliosema chanzo kimehujumiwa, na majirani wakaacha kusalimiana. Likizo iliyopita tuliwauliza wazee, wakatuambia kuwa chemchemi ilipimwa mara moja tu, katikati ya masika. Kumbe maji ya Oktoba yaliahidiwa kwa kipimo cha Aprili. Waliotuhumiwa wanastahili kuombwa radhi.

Kupima chemchemi hakuhitaji digrii. Kinga maji yote yapite kwenye bomba fupi, weka ndoo ya lita 20, kisha hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Ikijaa kwa sekunde 160, ni lita 10,800 tu. Kwa watu 400, hiyo ni lita 27 kwa kila mmoja, kabla ya kunywesha mifugo, na ni lazima pawe na tangi la kuhifadhi maji ya usiku.

Sasa ombi letu. Tumesikia kwamba kamati inataka kuchangisha fedha za bomba jipya, na kwamba sisi ndio tutakaolichora. Wazee wetu, kwa heshima zote, tunaomba msitupe kazi hiyo. Hatujafuzu. Mpeni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hata hivyo, akija asikute mikono mitupu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa mwaka mzima, vijana wachukue ndoo na saa, wapime mara tatu, na kuandika kwenye daftari moja litakalotunzwa na katibu. Tukiwa likizo tutapima pamoja nao.

Ndugu wafadhili, tunajua mnasubiri picha ya maji yakitiririka. Mwaka huu tunawaomba mpokee daftari lenye vipimo vya miezi 12. Mhandisi akilifungua, ataanza na ukurasa wa Oktoba.

Tunawashukuru kwa kikokotoo, kwa vifaa vya kuchorea, na zaidi kwa subira yenu.