Udongo Unatupwa Himbi

Ua la chungu likitupwa Himbi, mtaa wa Goma, halitupwi peke yake. Linatupwa pamoja na udongo wake, na udongo Goma hununuliwa.

Tangazo la salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi, limekwisha kusikika: parseli zisafishwe, mitaro izibuliwe. Linalosumbua ni yale marundo yanayobaki kando ya avenyu jua likipanda. Vyungu vimepasuka, bidoni za njano zilizokatwa nusu zimelala ubavu, majani bado mabichi, mizizi juu. Nyumba za upande wa ziwa hupangishwa na kuhamwa mara kwa mara. Miradi ya mashirika hufungwa, mikataba huisha, na tangu vita vya Januari 2025 baadhi ya nyumba hazina mtu ila sentineli. Maua ya barazani hayaingii kwenye sanduku la safari. Mwenye nyumba anataka parseli iwe tupu. Jirani haulizwi.

Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya jiji ikaingia Ziwa Kivu. Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama ukingoni mwa jiji. Katika parseli nyingi jembe likipigwa chini hugonga jiwe. Anayetaka tuta la mchicha huleta udongo kwa mifuko, kwa lori au kwa chukudu, na anaulipia. Udongo huohuo wa kulipiwa ndio unaomwagwa mtaroni, ukaziba mtaro ambao salongo imeuzibua asubuhi. Jirani mwenye tuta la mchicha haulizwi.

Kati ya mimea inayotupwa, sansevieria ndiyo isiyostahili kabisa kutupwa: ile ya majani manene yaliyosimama kama panga, yenye mistari ya kijani na kijivu. Huchukuliwa kuwa ua la Ulaya. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, Kongo ikiwemo. Aina yake yenye ukingo wa manjano ilipewa jina la laurentii, kutokana na Émile Laurent, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji aliyekusanya mimea Kongo. Mmea huu ni mwenyeji, na unatolewa nje kama mgeni aliyechosha.

Kuuokoa si kazi kubwa. Jani hukatwa vipande vya urefu wa kidole, vikaachwa kivulini siku mbili hadi kidonda kikauke, kisha vikachomekwa kwenye udongo mkavumkavu. Upande uliokuwa chini ubaki chini. Kipande kilichogeuzwa hakioti mizizi. Ile ya ukingo wa manjano hugawanywa kwenye shina la chini, kwa sababu ikioteshwa kwa jani hurudi kuwa ya kijani tupu. Mmea uliooza kwa maji mengi hukatwa mizizi myeusi na kupewa udongo mpya. Makwapa ya majani hukaguliwa: vidudu vyeupe kama pamba hufutwa kwa maji ya sabuni, na chungu hukaa mbali na vingine kwa wiki mbili. Dieffenbachia na mitambazi yenye majani ya umbo la moyo utomvu wake huunguza mdomo, kwa hiyo mwenye watoto wadogo aambiwe kabla ya kupewa.

Mmea wa majini usitupwe ziwani hata mara moja. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini likisambazwa kwa uzuri wa ua lake. Miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha kuenea katika Mto Kongo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, ambako limefunga bandari na kunasa mitumbwi ya wavuvi. Hapo pia aliyetupa hakumuuliza wa jirani.

Sasa itoshe. Mpangaji anayehama na atoe vyungu vyake nje ya geti Ijumaa jioni, vikiwa vizima. Sentineli na abishe milango mitatu ya karibu. Chefu wa avenyu na atenge kona ya maua na udongo, mbali na rundo la taka. Shule yenye uwanja wa mawe matupu na itume watoto na ndoo. Na jirani aulizwe. Aulizwe Ijumaa, salongo haijaanza.