Haki ya Njia na Amana ya Kuwasemea Watu
(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya Ijumaa)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, leo tunazungumzia matuta ya barabarani. Huenda mtu akauliza: haya yanahusiana nini na msikiti? Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa imani ina matawi sabini na kitu, na la chini kabisa ni kuondoa chenye kuudhi njiani. Basi njia imo ndani ya imani.

Mnayajua yaliyotufika. Tangu mtaa wetu uwekwe lami, magari na pikipiki hupita mbio mbele ya madrasa. Mwanafunzi wetu mmoja aligongwa akivuka, juzuu mkononi. Mwenyezi Mungu alimnusuru, lakini mguu ulivunjika. Usiku ule ule vijana wakamwaga zege, wakajenga matuta mawili bila kumuuliza mtu. Wiki haikuisha, wengine wakayabomoa kwa sururu. Wenye nyumba walilalamikia kuta kupasuka kwa mtikisiko wa malori. Wenye bajaji walilalamikia springi. Na kuna nyumba yenye mgonjwa wa mgongo, ambaye kila tuta kwake ni adhabu. Leo watu wanaosimama safu moja hawaitikiani salamu.

Je, haki iko wapi? Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Basi aliyetaka mwendo upunguzwe hakudai anasa. Na wanazuoni wa fiqhi wameweka kanuni kuwa madhara ya mtu mahsusi huvumiliwa ili kuzuia madhara ya watu wote. Lakini Mtume (S.A.W.) amekataza pia kudhuru na kulipizana madhara. Tuta refu kupita kiasi, lisilo na rangi wala alama, humwangusha mwendesha pikipiki gizani. Kwa hiyo kulipima na kulijenga si kazi ya mwenye hasira. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na huko ndiko maombi yanakopelekwa.

Sasa tuseme la kwetu. Tulipotaka suluhu, tulikutana barazani hapa baada ya Isha, tukaandika barua “kwa niaba ya wakazi wote”. Hapo tulikosea. Mama muuza vitumbua, anayekaa kando ya barabara ile tangu alfajiri na ndiye aliyemnyanyua mtoto, hakuitwa. Majirani zetu Wakristo hawakuitwa. Vijana wa bodaboda walitajwa kama watuhumiwa, hawakusikilizwa. Tuliwasemea watu tusiowauliza, na kauli ya mtu ni amana.

Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao (Ash-Shuura: 38), na ametuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu (An-Nisaa: 135). Siku ya Hudaybiya, Maswahaba walipositasita kuchinja na kunyoa, Mtume (S.A.W.) alipokea rai ya mkewe, Ummu Salama (R.A.), na jambo likatengemaa. Na watu walipozozania upana wa njia, alihukumu iwe dhiraa saba: kipimo kinachojulikana, si matakwa ya mwenye nguvu.

Barua ile tumeiondoa. Mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano mkuu Jumamosi ijayo, mchana, uwanjani, ambako kila mkazi aliyefikia miaka 18 ana haki ya kusema. Nendeni, na wake zenu waende. Mwenye mgonjwa aeleze, na mwenye bodaboda asikilizwe mpaka amalize. Mtu asitumie aya kumnyamazisha jirani. Na rai yake isipokubaliwa, asirudi kwenye sururu wala zege.

Lakini salamu isingoje Jumamosi. Kabla hatujatoka mlangoni, kila mmoja amtafute aliyemnunia, aanze yeye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, aziunganishe nyoyo zetu na atusamehe tulipopunguza haki ya mtu. Wabillahi tawfiq.