USAWA NA UADILIFU

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, na najiusia nafsi yangu, kumcha Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, wengi hudhani kuwa kutenda haki ni kumpa kila mtu kiasi kile kile. Tazameni safu zetu. Tajiri na hamali wamesimama bega kwa bega, wala hapana aliyetengewa mahali kwa mali yake. Huo ni usawa. Lakini katika ibada hiyo hiyo mgonjwa husali ameketi, na msafiri hupunguziwa rakaa nne zikawa mbili. Hadhi ni moja. Mzigo hutazama uwezo. Huo ni uadilifu.

Zingatieni pia Zaka ya nafaka. Shamba linyweshwalo na mvua hutolewa fungu moja katika kumi. Linyweshwalo kwa taabu ya kuteka maji, fungu moja katika ishirini. Wakulima wawili wakivuna magunia mia mia, mmoja atatoa kumi na mwenziwe matano, kwani jasho lao halikuwa sawa.

Wala uadilifu si upendeleo. Mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum alipoiba, jamaa zake walimtuma Usama bin Zaid amwombee. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akabainisha kuwa hata angekuwa binti yake Fatima, hukumu isingebadilika. Mbele ya sheria, nasaba haina uzito.

Basi enyi mliokabidhiwa kugawa Zaka, msigawe kibaba kwa kibaba, nyumba kwa nyumba, kwa kukimbia lawama za majirani. Mjane mwenye mayatima watano na mwenye duka aliyetosheka hawalingani. Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, yametajwa makundi manane ya wanaostahiki. Aliyetosheka, kwa kuwa jirani tu, hayumo. Kibaba alichopewa huyo kimetolewa kinywani mwa yatima, nanyi mtaulizwa.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waadilifu katika kutoa, katika kugawa na katika kuhukumu. Amin.