Mnunuzi Tunaye, Anapanga: Kumtafuta Mwenye Nyumba Miongoni mwa Wapangaji wa Mzinga

Mada kwa semina ya madalali, wauzaji wa viwanja na maofisa mikopo, Mzinga, Manispaa ya Morogoro



Nimeombwa nieleze namna ya kumpata mnunuzi wa nyumba miongoni mwa wapangaji. Marekani jibu lao ni jepesi: mwoneshe mpangaji kwamba kodi anayolipa ingetosha kulipia nyumba yake mwenyewe. Kule mkopo wa nyumba hulipwa hata kwa miaka 30. Hapa kwetu jibu hilo halisimami, na afadhali tulipigie hesabu kabla hatujaenda mbali.

Tuseme nyumba ya vyumba vitatu inauzwa shilingi milioni 60, na aliyeipanga analipa 250,000 kwa mwezi. Akikopa zote kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15, rejesho lake ni kama 881,000 kila mwezi, yaani mara tatu na nusu ya kodi. Hadi anamaliza, ametoa zaidi ya milioni 158. Akiwa mtumishi wa umma, bado kuna utaratibu wa kumbakizia theluthi ya mshahara wake baada ya makato. Dalali anayemwambia mtu huyu "kodi yako tu ingekununulia hii" anadhani mwenzake hajui hesabu.

Sasa igeuze hesabu hiyo hiyo. Shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa riba ile na muda ule, zinabeba mkopo wa milioni 17. Hiyo si nyumba ya kuhamia kesho. Lakini inaweza kuwa kiwanja chenye boma lililofika kwenye lenta, au ikapaua na kumalizia boma ambalo mtu tayari analo. Hoja yangu yote iko hapo: mnunuzi tunayemtafuta ameshaanza kujenga, na sisi tunamfuata na nyumba iliyokamilika wakati yeye anatafuta hatua inayofuata.

Utamtambuaje? Usiangalie gari. Ingia uani. Kwa mpangaji wa chumba na sebule utakuta fremu za mninga zimeegemezwa nyuma ya kochi na kufunikwa shuka, au mabati yamelazwa ubavuni mwa jiko na matofali ya kukanyagia. Mtoto akiyagusa anafokewa. Huyo ana kiwanja mahali: Mkundi, Kihonda, Lukobe, au humu humu Mzinga. Muulize kwa adabu, "Mama Fulani, site inaendeleaje?" Atakueleza mpaka uchoke: fundi alivyomkimbia, saruji ilivyoganda, mvua za masika zilivyobomoa msingi. Katika maneno hayo ndimo utajua anahitaji kununua nini. Wapo waliochoka kabisa na sasa wangeuza kiwanja chao cha mbali ili waongezee na kununua boma la karibu na shule. Mtu wa namna hiyo ni mnunuzi na muuzaji kwa wakati mmoja, na dalali mwenye akili anapata kazi mbili.

Kuna kundi jingine tunalolipita kila siku kwa sababu halilipi kodi ya maana: wakazi wa kota. Hapa Mzinga tuna shirika kubwa la jeshi, na jirani zetu ni watumishi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe. Anayekaa kota hana mwenye nyumba wa kumsumbua, kwa hiyo hana haraka, mpaka umri wa kustaafu unapokaribia. Kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 60 kwa lazima, 55 kwa hiari. Siku hiyo ikifika, anakabidhi funguo. Mwenye miaka 50 leo ndiye wa kuzungumza naye, wakati mshahara bado unakopesheka. Ukimngoja apate mkupuo wa pensheni, utamkuta amezungukwa na watoto, wajomba na matapeli, kila mmoja na mradi wake.

Kuhusu wakati wa kumfuata mpangaji wa kawaida, jibu liko kwenye mkataba. Kwetu kodi hulipwa miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Anayetoa milioni tatu kwa siku moja amekwisha kuonesha kwamba anaweza kukusanya fedha, ingawa hakuna benki inayomwandikia sifa hiyo. Mfuate miezi mitatu kabla mkataba haujaisha. Ukimfuata wiki aliyolipa, mfuko mtupu.

Na watu wanaongezeka, wapangaji wakiwamo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 315,866 katika Manispaa. Ya 2022 ikahesabu 471,409, ongezeko la karibu nusu. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, wapo wanaoiangalia Morogoro kama mahali pa kuishi huku kazi ikiwa Dar es Salaam. Mimi siwategemei sana hao. Wanauliza bei kuliko wanavyonunua.

Linalowazuia wengi wenye fedha ni woga, na woga huo una msingi. Katika miteremko ya Uluguru ardhi nyingi ilikuwa ya ukoo, na kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Kijana anaweza kukuuzia shamba la baba yake, kumbe wenye sauti ni ukoo wa mama wa huyo baba: wajomba zake na dada zake. Tena Mto Mzinga ni miongoni mwa mito inayolijaza Bwawa la Mindu, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa. Dalali apime kwa futi kabla hajampeleka mteja. Mpangaji mmoja aliyetapeliwa huwaeleza wapangaji wenzake wote wa ua ule.

Mwenzi naye ahusishwe mapema. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke, na nimeona mauzo mazuri yakifia hapo kwa sababu mama alisikia habari siku ya kusaini.

Jingine ni daftari la wapangaji. Baadhi yetu tumezoea kuuziana namba za simu za wapangaji kwa bei ya soda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi sasa. Omba ridhaa ya mtu unapomwandikia mkataba wa kupanga, kwa mstari mmoja tu: je, tukipata kiwanja au boma linalokufaa, tukupigie?

Namalizia kwa ndugu zetu wa benki. Tangu 2010 ipo kampuni ya TMRC ya kuwapa fedha za muda mrefu kwa mikopo ya nyumba. Naomba katika majadiliano mtueleze: mwenye kiwanja kilichopimwa lakini hati haijatoka, aliyejenga hadi lenta kwa fedha zake, mnaweza kumpa hiyo milioni 17? Na kama hamwezi, karatasi gani hasa tuanze kuwasaidia wateja kuitafuta wakiwa bado wanapanga?