Marehemu Salum Abdallah na Mali ya Wengi
(Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Chama katika sherehe ya kutimiza miaka 10)



Ni desturi katika sherehe kama hii Katibu asimame asome hesabu ya magunia na fedha. Hesabu hizo mmekwisha kugawiwa, na kila mwenye swali atajibiwa mezani kwetu. Sisi wa ofisi ya Chama twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya mtu mmoja wa mji huu wa Morogoro, ambaye kazi yake ilikuwa kuimba, na ambaye maisha yake yana jambo linalotuhusu sana leo. Mtu huyo ni marehemu Bwana Salum Abdallah.

Alizaliwa hapa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu, na mama yake Mluguru. Mji wa siku hizo ulikuwa mji wa reli na wa mashamba ya katani, na watu wa makabila mengi walikutana hapa kwa kazi na kwa biashara. Jioni walitafuta mahali pa kupumzisha mwili. Tangu miaka ya 1930 sahani za santuri zenye muziki wa Kuba, zilizokuwa na alama ya GV, zilikuwa zimeenea katika nchi nyingi za Afrika. Kijana Salum alizisikia, nazo zikamteka moyo. Husimuliwa kwamba alitoroka nyumbani akiazimia kwenda hata Kuba kwenyewe, na safari yake ikaishia Mombasa. Akarudi kwao.

Wako ambao wangeona haya kurudi namna ile. Yeye hakukaa akilalamika. Kuba asiyoweza kuifikia aliijenga hapa hapa chini ya Milima ya Uluguru. Mwaka 1948 alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Mapigo yalitoka ng'ambo, lakini maneno yalikuwa Kiswahili safi. Aliimba habari za mapenzi na za maisha ya watu, na nyimbo zake kama "Ngoma Iko Huku" na "Wanawake Tanzania" zikapendwa mbali na hapa. Santuri zake zilitolewa Mombasa kwa alama ya Mzuri. Hivyo mji ule uliomrudisha mikono mitupu ndio uliokuja kuichukua sauti yake na kuieneza Afrika ya Mashariki.

Sasa twaomba mtusikilize kwa makini. Katika Tanganyika ya siku zile bendi nyingi za dansi zilikuwa vyama. Zilikuwa na wanachama na viongozi wake, na vyombo vilinunuliwa kwa fedha ya pamoja. Kijana wa kawaida hakuwa na uwezo wa kununua gita au saksofoni peke yake. Alijiunga, akapewa chombo, akafundishwa na waliomtangulia, na siku alipoondoka chombo kilibaki. Je, wanachama wenzetu, jambo hili si sawa na mizani yetu na ghala letu? Mkulima mmoja hawezi kujenga ghala, lakini wengi hulijenga, na mjukuu wa mmoja wao akaja kulitumia.

Mwaka 1965 Bwana Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Alikuwa hajatimiza miaka 40. Msiba huo ulikuwa mzito kwa mji mzima, na hapana ajabu kama wako waliodhani kwamba Cuban Marimba imezikwa pamoja naye. Haikuwa hivyo. Bwana Juma Kilaza aliushika uongozi, na bendi ikaendelea kupiga na kupendwa katika miaka ya 1970. Na katika mji huu huu, Morogoro Jazz ikamtoa Bwana Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alikwenda Japani kupiga katika maonyesho ya dunia ya Osaka. Moto uliowashwa na wengi hauzimiki kwa kuondoka mmoja.

Kadhalika twakumbuka yaliyoupata ushirika wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake zikahamishiwa mashirika ya mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Waliosimama tena walihitaji watu waliokumbuka namna ya kuandika daftari la wanachama, kupima kwa haki na kuendesha mkutano.

Bwana Mwenyekiti, mwaka huu umetuambia kwamba utang'atuka. Tangu siku ile tumesikia minong'ono: fulani ndiye Chama, akiondoka Chama kimekwisha. Twasema kwa heshima, maneno hayo hayakupi sifa, bali yanakuvunjia kazi yako. Lakini yatupasa tukiri kwamba hatari ipo. Majina ya wanunuzi waaminifu, historia ya mipaka ya kiwanja chetu, namna ya kusuluhisha ugomvi wa mizani, mengi ya hayo yamo kichwani mwa wazee wachache, wala hayamo katika daftari. Kwa hiyo Halmashauri inauomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, kila kiongozi anayeondoka akae miezi 3 na anayeingia, na yote ayajuayo yaandikwe. Pili, kila chama cha msingi kilete vijana 2, mwanamume na mwanamke, wajifunze kazi ya ofisi na ya ghala.

Sauti ya Bwana Salum twaweza kuisikia hata leo kwa sababu iliwekwa katika santuri. Miaka mingi baada ya kifo chake kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilizitoa upya nyimbo zake. Nyimbo ambazo hazikunaswa zimekwenda na upepo, ingawa huenda zilikuwa tamu kuliko zote. Basi tusiache ujuzi wa wazee wetu uende hivyo.

Twawatakia mavuno mema na mizani ya haki. Udumu ushirika wetu.